Ngozi Isiyoungua

Mzee Mwakyoma alivua shati mwenyewe, akakataa kusaidiwa, kisha akageukia ukuta.

"Kipo hapo chini ya kisogo," alisema. "Mke wangu anadai kimekuwa kama uyoga. Mimi hakiniumi. Nimekuja ili anyamaze."

Daktari Ambwene Mwaipaja alivuta taa karibu. Kweli kilikuwa kama uyoga: kingo zimeinuka, katikati kumezama na kunatoa maji. Hakukigusa kwanza. Alikitazama tu, kwa kuwa wiki hiyohiyo alikuwa ameona kingine kama hicho kwenye mdomo wa mama muuza viazi, na kabla ya hapo kingine kwenye mkono wa fundi wa kuezeka mabati. Wote watatu walikuwa wamepuliziwa ngao ya kukinga jua.

"Kilianza lini?"

"Mvua za kwanza. Kilikuwa kama chunjua tu."

"Na hili kovu la begani?"

"La utotoni hilo. Niliangukia moto jikoni kwa bibi. Halina neno."

"Kovu la moto lina neno, mzee. Saratani hupenda kuota hata hapo, miaka mingi baadaye."

Mzee aligeuka taratibu, shati mkononi. Alikuwa mkulima wa pareto maisha yake yote, mrefu, mwenye shingo iliyokauka kama ngozi ya ngoma.

"Daktari, tangu mlipotupulizia ile kitu yenu sijaungua hata siku moja. Nalima bila kofia. Jua linanipita kama upepo. Hiyo saratani inatoka wapi?"

Ambwene alivaa glavu. Alimdunga ganzi, akakata kipande kidogo pembeni mwa kidonda, akakitia kwenye chupa, akamwambia arudi baada ya majibu kutoka.

Maabara ilikuwa upande wa pili wa uwanja wa hospitali. Alivuka akiwa amejikunyata ndani ya koti, maana Isyunga hakukosi baridi, na mbingu juu yake ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Watoto waliozaliwa karibuni hawakujua kwamba mbingu iliwahi kuwa bluu. Ilianza kuwa nyeupe miaka ile ndege zilipopelekwa juu kabisa kumwaga vumbi, ili joto la dunia lipungue. Joto lilipungua kweli. Mvua zikarudi, mito ikajaa. Lakini lile vumbi lilitafuna tabaka la ozoni linaloichuja miale mikali ya jua, ile isiyoonekana kwa macho, na miale hiyo ikaanza kushuka bila kizuizi. Waliokaa mabondeni walau walikuwa na hewa nzito juu yao. Watu wa uwanda wa juu wa Isyunga hawakuwa na kitu. Walikuwa wakitetemeka kwa baridi, wamevaa masweta, ukungu umetanda, na huku nyuso zinababuka, kwa sababu mawingu huzuia joto kuliko yanavyozuia ile miale.

Ndipo ilipoletwa ngao. Ilikuwa kitu hai, kisicho na rangi wala harufu, kilichotengenezwa maabara na Profesa Mwesiga na wenzake. Mtu alipuliziwa mara moja tu. Ngao iliingia kwenye ngozi, ikazaana, ikakaa humo. Mama aliyekuwa nayo alimwambukiza mwanawe kwa kumbeba mgongoni, mume akaipata kwa mkewe, na ndani ya miaka michache uwanda mzima ulikuwa umekingwa, wala hakuna aliyebabuka tena. Ambwene, wakati huo daktari kijana na mama wa mtoto mmoja, ndiye aliyepewa kazi ya kuongoza upuliziaji. Mkono wa kwanza kupuliziwa mbele ya watu ulikuwa wa mwanawe Sekela, aliyezaliwa na ualbino, na ambaye hadi siku ile alikuwa akitazama wenzake wakicheza kutokea dirishani.

Sasa Ambwene aliinama kwenye hadubini, akaona kitu ambacho mwanzoni alidhani ni kosa la rangi. Alirudia na kipande kingine. Akarudia tena.

Alijua, kama anavyojua kila daktari wa ngozi, kwamba jua huiharibu chembe ya ngozi kwa kuvunja ule uzi wa maagizo ulio ndani yake. Uzi ukivunjika kidogo, chembe hujishona. Ukivunjika sana, chembe hujiua, isije ikaishi na maagizo yaliyoharibika. Kule kubabuka, zile ngozi zinazotoka kama karatasi baada ya mtu kuungua, ni maelfu ya chembe zilizokubali kufa ili mwenye mwili apone.

Chembe za Mzee Mwakyoma zilikuwa zimevunjika vibaya, na zilikuwa hai. Zimejipanga safu kwa safu, zimetulia. Ngao haikuwa imelizuia jua. Ilikuwa imezizuia kufa.

*

Profesa Mwesiga alikuja mwenyewe, siku ya pili tu baada ya ujumbe wa Ambwene kumfikia. Aliteremka kwenye gari akiwa ameshika begi la chuma kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Daktari. Tuingie ndani."

Walikaa ofisini. Mwesiga alikuwa amezeeka sana tangu walipoonana mara ya mwisho, na alipopewa chai hakuigusa. Ambwene aligeuza kioo cha kompyuta, akamwonyesha picha za chembe. Profesa alizitazama kwa muda mfupi mno.

"Ulikuwa unajua," Ambwene alisema.

"Tangu kiangazi kilichopita nilikuwa na wasiwasi. Uhakika nimeupata juzi. Sikutaka kuwatisha watu kwa jambo la kubahatisha."

"Watu wangu wamekaa juani kiangazi chote bila kofia."

"Najua."

Alifungua begi. Ndani mlikuwa na vichupa vilivyopangwa kwenye sifongo, na taa ndogo yenye mpini, kama tochi.

"Hiki ni kizimio," alisema. "Tulikitengeneza pamoja na ngao yenyewe, kama tahadhari. Mtu anakinywa, ngao inakufa. Tatizo ni kwamba ngao ikifa, chembe zote zilizokuwa zimezuiwa kufa zinapata ruhusa."

"Zote kwa pamoja."

"Ndani ya siku chache. Mtu mwenye madhara madogo atapata homa, atababuka, atapona. Mwenye madhara makubwa..." Alitoa picha moja mfukoni, akaiweka mezani kifudifudi. "Mama mmoja alijitolea. Alielezwa kila kitu. Alikuwa mkulima, kama hawa wa kwako."

Ambwene aliigeuza picha, akairudisha ilivyokuwa.

"Aliishi?"

"Hapana. Ilikuwa kama mtu aliyeungua mwili mzima. Maji yalimwishia, kisha vijidudu vikaingia."

Nje ya dirisha wauguzi walikuwa wakicheka jambo fulani. Ambwene alisikiliza kicheko chao mpaka kilipokwisha.

"Nani anaweza kunywa, nani hawezi?"

Mwesiga aliwasha ile taa, akaimulika mkononi mwake mwenyewe. Mwanga wa zambarau ulipita juu ya ngozi yake nyeusi, na ngozi ikang'aa bluu, isipokuwa mabaka machache meupe karibu na kifundo.

"Bluu ni madhara madogo. Nyeupe ni makubwa. Mtu akiwa mweupe zaidi ya theluthi ya mwili, asiguse kizimio. Watakuwa ni wale waliofanya kazi juani miaka mingi. Wale walioungua vibaya wakiwa wadogo, maana ngozi ya mtoto haisahau. Wazee. Wenye makovu makubwa. Wanaotumia dawa za kutuliza kinga ya mwili, hao usiwape hata kama taa inaonyesha bluu, kwa kuwa mwili wao hautaweza kujitetea. Na wale ambao ngozi yao tangu kuzaliwa haina rangi ya kuwakinga." Alisita. "Samahani."

"Endelea."

"Kuna jambo jingine. Ngao inaambukiza, hilo unalijua. Mtu aliyeizima, akigusana ngozi kwa ngozi na aliye nayo, itamrudia. Na ikirudi mara ya pili, kizimio hakifanyi kazi tena."

Ambwene alielewa kabla Profesa hajaendelea.

"Kwa hiyo wasioweza kunywa watengwe."

"Wakae ndani, mbali na jua, mbali na wengine. Ngao itazidi kuzilinda chembe mbovu, na saratani zitaota. Mtakuwa mnazikata moja moja kadiri zinavyojitokeza. Nimeshindwa kupata njia nyingine, Daktari. Nimeitafuta mpaka nimeanza kuota ndoto zake."

"Na tusipompa mtu yeyote kizimio? Tukaishi hivihivi, wote pamoja?"

"Basi wote mtakuwa kama mzee wako. Wengine mapema, wengine baadaye. Na watoto wanaozaliwa sasa wataipata kwa mama zao wakiwa bado wachanga."

Aliinua kikombe cha chai, akakirudisha mezani bila kunywa.

*

Sekela alirudi kutoka shambani na maua ya pareto yamemnasa kwenye sweta. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kiongozi wa kikundi cha wachumaji. Macho yake hayakuona vizuri, hata kwa miwani ile mizito, lakini aliwajua wachumaji wake wote kwa sauti na kwa namna walivyokanyaga matuta. Baba yake alifariki zamani, naye na mama yake walikuwa wamezoea kukaa wawili, kila mmoja akijua mwenzake ameamkaje kabla hata hajasalimiwa.

"Shikamoo, Mama. Mbona umewahi?"

"Marahaba. Kaa hapa. Vua sweta."

Sekela hakuuliza. Alivua, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko. Ambwene alifunga pazia, akawasha taa ya zambarau, akaanzia vidoleni. Akapandisha mkononi, begani, shingoni, usoni, mgongoni. Kisha akarudia kutoka mwanzo.

"Rangi gani?" Sekela aliuliza. Habari zilikuwa zimekwisha kuzagaa mjini, naye alikuwa amezisikia shambani.

Angeweza kusema bluu. Mwanawe asingeweza kuona tofauti.

"Nyeupe."

"Wapi?"

"Kote."

Sekela alichukua sweta, akalivaa, akaanza kutoa maua yaliyonasa kwenye sufi, moja baada ya jingine, akiyaweka mapajani.

"Kwa hiyo muda wote nilipokuwa nasema jua halichomi..."

"Lilikuwa linachoma. Mwili wako ndio ulikuwa umenyimwa habari."

"Watu wanasema ni mimi uliyenipulizia wa kwanza. Ili wasiogope."

"Ni kweli. Niliamini ni nzuri, Sekela. Na ulikuwa unalia dirishani."

"Nakumbuka kulia." Alikusanya maua mkononi, akainuka, akayatupa motoni. "Una hasira na mimi, unadhani?" Kisha akajirekebisha. "Namaanisha, unadhani mimi nina hasira na wewe?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Nikijua nitakuambia."

Alichukua beseni la viazi, akaanza kumenya. Alimenya kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, akigeuza kiazi polepole kwenye kisu. Ambwene alimtazama, na maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yakamtoka hovyo.

"Mimi sinywi. Wakikuingiza kwenye nyumba ya waliotengwa naingia na wewe. Wewe utakuwa na ngao, na mimi nitakuwa nayo, basi."

"Halafu nani atakunywa?"

"Anayetaka."

"Hakuna atakayetaka, Mama. Mama Tupokigwe ananiuliza kila siku shambani kama chanjo ya mtoto wake ni salama. Namwambia ni salama, anauliza, mama yako amesema? Usiponywa wewe, hanywi yeye. Na mtoto yuko mgongoni kwake, ananyonya ile kitu kwa ngozi."

"Mimi si mama wa Isyunga nzima."

Sekela alichukua kiazi kingine. Aliendelea kumenya mpaka viazi vilipokwisha, akaviosha, akabandika sufuria. Baadaye, wakati wa kula, alisogeza kiti chake karibu, wakala kutoka sahani moja kama walivyokuwa wakifanya alipokuwa mdogo.

*

Watu waliitwa kwenye uwanja wa shule. Mkuu wa wilaya alizungumza kwa kipaza sauti kuhusu uzalendo na ushirikiano, na alipomaliza, vichupa vikiwa vimepangwa mezani, hakuna aliyesogea. Waliokuwa wamekwisha pimwa walifungwa utepe mkononi, bluu au mweupe. Familia zilisimama zimechanganyika, tepe za rangi mbili kwenye mikono iliyoshikana.

Mama Tupokigwe alijitokeza mbele, mtoto mgongoni amelala. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, asiyependa kuonekana akizungumza mbele za watu.

"Daktari, naomba kuuliza. Wewe utakunywa?"

Ambwene alikuwa amesimama nyuma ya meza. Alimtafuta Sekela kwa macho, akamwona mwisho kabisa wa uwanja, chini ya mwavuli mweusi, utepe mweupe mkononi. Asubuhi ile Sekela alikuwa amemsuka mama yake, nywele zote, taratibu.

"Nimepimwa, nimetoka bluu," alisema Ambwene. "Ninaweza kunywa."

"Na Sekela?"

"Sekela hawezi. Akinywa atakufa."

Watu waligeuka kuutazama mwavuli. Mama Tupokigwe alitazama chini, akaonekana kama anataka kurudi alikotoka, lakini akabaki.

"Kwa hiyo ukinywa hutamgusa tena."

"Sitamgusa tena."

"Mume wangu ametoka mweupe," alisema Mama Tupokigwe kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana nauliza. Siulizi kwa ubaya."

Ambwene angeweza kuondoka. Njia ilikuwa wazi, ngazi za shule ziko pale pembeni, na hakuna ambaye angemzuia. Alifikiria jambo hilo waziwazi, kwa muda ambao kila mtu aliuona. Kisha mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka, akatoa mkono kwenye kanga, akaushika uso wa mama yake kwa nyuma kama watoto wafanyavyo, kiganja kile kidogo kikatulia shavuni.

Ambwene alifungua kichupa, akanywa. Kilikuwa kichungu, kikaacha ladha ya chuma kooni. Alipoinua macho, mwavuli ulikuwa umegeuka na ulikuwa ukienda zake kuelekea barabarani, polepole, kwa sababu mwenye mwavuli alikuwa akitafuta njia kwa miguu.

Mama Tupokigwe ndiye aliyefuata, yeye na mtoto wake. Baada yake watu walianza kupanga foleni.

Homa ilimlaza Ambwene siku kadhaa. Ngozi ya mikono ilimtoka kama maganda ya kitunguu, ikawasha, ikauma, na maumivu yale, ya kwanza tangu ujana wake, yalimkumbusha jinsi mwili unavyosema. Wengi waliugua hivyo na wakapona. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hakupona. Alikuwa akimeza dawa za kutuliza kinga ya mwili tangu alipowekewa figo, na alipoulizwa mbele ya wenzake aliona haya, akasema hana ugonjwa wowote. Ambwene alikaa naye mpaka mwisho akimbadilishia bendeji ambazo hazikuwa na kazi tena. Mwalimu alikuwa akimwomba radhi kwa usumbufu.

*

Waliotoka weupe waliwekwa kwenye ghala la zamani la pareto, madirisha yote yamepakwa rangi nyeusi isipokuwa moja kubwa la kioo kwenye ukumbi wa ndani, ambako jua halikufika. Hapo ndugu walikuja kuwatazama watu wao. Mzee Mwakyoma alifia humo, kidonda kikiwa kimeshaingia kwenye mfupa. Sekela ndiye aliyekuwa akimlisha uji siku zake za mwisho, na ndiye aliyewapa jamaa zake taarifa ya msiba kupitia kioo.

Ambwene aliingia kila siku kufanya kazi, akiwa amevaa vazi la plastiki kutoka utosini hadi miguuni, barakoa, na glavu jozi mbili. Alikata vidonda. Vingine viliisha kwa kisu, vingine vilirudi pembeni mwa kovu kabla uzi haujatolewa. Alijifunza kuwatambua wagonjwa wake kwa migongo yao.

Siku moja Sekela alikaa mwenyewe kwenye meza ya upasuaji pale ukumbini, akaegemeza kichwa.

"Sikio la kulia," alisema. "Sikukiona, nilikishika kwa kidole. Kina kingo."

Ambwene alitazama. Kilikuwa na kingo.

"Ni hicho?"

"Ndicho, mwanangu. Itabidi nikate sehemu ya sikio."

"Kubwa?"

"Sehemu ya juu yote."

"Miwani yangu itashikilia wapi?"

Ambwene hakuwa amefikiria miwani. "Tutaifunga kwa utepe," alisema.

Alidunga ganzi, akangoja, akakata. Alikuwa fundi wa kazi hiyo, na mikono yake ilifanya yenyewe kila ilichopaswa kufanya, ikibana mishipa, ikivuta ngozi, ikishona kwa nyuzi nyembamba. Damu ya Sekela ilikuwa ya moto. Aliisikia kupitia tabaka mbili za mpira, joto lake tu, bila unyevu.

"Zungumza nami," alisema Sekela. "Ukinyamaza nasikia mkasi."

Ambwene alimsimulia habari za shambani, nani anaongoza wachumaji sasa, jinsi kikundi kinavyogombana bila yeye. Sekela alicheka kidogo, na Ambwene akamwambia asicheke, atatikisa uzi. Alipomaliza mshono wa mwisho alibaki ameshika kichwa cha mwanawe kwa mikono yote miwili, kama bado kuna kazi. Nywele zilikuwa zimekua, njano iliyofifia, hazijasukwa tangu aingie humo. Akauondoa mkono wa kushoto. Akaanza kuvuta glavu ya juu, kidole kimoja kimoja. Ikatoka. Akashika ncha ya ile ya ndani.

Sekela alisikia mpira ukivutika. Hakugeuka.

"Kuna mtu dirishani, Mama?"

Ambwene alitazama. Mama Tupokigwe alikuwa pale na mtoto wake, amekuja kumwona mumewe. Nyuma yake walikuwepo wengine, wanaume na wanawake waliokunywa siku ile uwanjani, wameacha mazungumzo yao na kumtazama daktari na mkono wake.

"Wapo."

"Wanatuangalia?"

"Ndiyo."

"Basi acha. Vaa."

"Sekela..."

"Vaa, Mama. Ukiingia humu moja kwa moja, kesho ataingia yule, na mtoto wake ataingia naye. Mimi nimeshakaa na hasira yangu nikaimaliza. Sitaki kuanza nyingine."

Ambwene alichukua glavu mpya kutoka kwenye boksi, akaivaa. Ilimchukua muda mrefu kwa sababu vidole havikuwa vikiingia mahali pake. Kisha akachukua pamba, akafuta damu iliyokuwa imekauka shingoni, na ili azungushe bendeji, akakiinamisha kichwa cha Sekela mbele na kuzigawa nywele za kisogoni.

Bendeji ikabaki mkononi.

"Umeona kingine," alisema Sekela.

"Ndiyo."

"Kikubwa?"

"Kidogo. Cheusi."

Sekela alikuwa amekaa na wagonjwa wa kutosha humo ndani kujua maana yake. Vile vilivyo kama uyoga hukaa mahali pake na kula polepole. Vile vidogo vyeusi husafiri ndani ya mwili, na mara nyingi huwa vimekwisha kufika kabla mtu hajaviona.

"Utakikata leo?"

"Sehemu ile haina ganzi, na umepoteza damu. Kesho."

"Itasaidia?"

Ambwene aliizungusha bendeji, akafunga ncha yake, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

"Nitakikata," alisema.

"Haya. Njoo mapema, kabla hawajaja wale wa dirishani."

Sekela alijilaza upande usio na mshono, akavuta blanketi, akafumba macho. Ambwene alikusanya visu na mikasi, akavitia kwenye bati la kuchemshia, akatoka kwa mlango wa nyuma hadi kwenye chumba cha kunyunyiziwa dawa ya kusafisha vazi. Kijumba kile kilinuka klorini. Muuguzi aliyekuwa nje ya pazia alimwambia apanue mikono, afumbe macho, asipumue kwa nguvu, kama alivyomwambia kila siku. Dawa ikaanza kunyesha juu ya plastiki. Ambwene alisimama katikati yake, mikono imepanuliwa, akingoja aambiwe kwamba yu safi na anaweza kwenda nyumbani.